Sahihi Mbili

Karatasi ina mistari miwili chini kabisa.
Wa kwanza: Aliyefanya kazi.
Wa pili: Aliyekagua kazi.
Nimeketi juu ya ndoo ya Mama Nsimire, huku Cimpunda,
magoti yangu ndiyo meza,
na mistari yote miwili inanisubiri mimi.

Zamani nilikuwa fundi wa maji tu:
koki, katani, kiungo cha kona.
Nikifika penye waya nilifuta mikono, nikasema
mwiteni Cishugi.
Naye alikuja siku ya tatu na ngazi ya kuazima,
akaunga nyaya mbili, akadai bei ya kumi,
na hita ikichoma au isipochoma,
lawama ilikuwa na nyumba mbili za kulala.

Kisha wakatuita Ibanda, siku kumi na mbili,
wakatufundisha, wakatupa muhuri wa mpira.
Kazi ndogondogo peke yake, walisema:
pampu, hita, swichi ya bafuni.
Kana kwamba umeme unaujua udogo.
Kana kwamba unabisha hodi kwanza, unauliza:
hii ni kazi ndogo? Basi nikuume kidogo.

Kinyozi hajinyoi, alisema Cishugi
nilipomwonyesha ule muhuri.
Hakucheka. Ana watoto saba.

Leo umeme umekatika tangu alfajiri, mlima mzima.
Nimekaza skrubu kwa taa ya simu
aliyoishika Ntakwinja, mjukuu wa mama,
akimulika pua yangu kuliko waya.
Testa imelala mfukoni:
utapimaje mapigo ya asiyekuwepo?
Lakini mwenye nyumba hatalipa bila karatasi,
na mama ameshauza kuku kwa ajili ya hita hii.

Nikasaini.
Mstari wa kwanza mbiombio, mkono wangu wa kila siku.
Wa pili polepole, herufi zimesimama wima,
kama za mtu mwingine, mzee kidogo, mwenye miwani,
asiyenijua wala asiyetaka kunijua.
Nikapiga muhuri. Wino ukaruka hadi kwenye suruali.

Saa nane za usiku umeme ukarudi.
Nikasikia watu wakishangilia ng'ambo ya bonde,
nikaiona Cimpunda ikiwaka, taa juu ya taa,
nami chini ya blanketi nikaanza kuhesabu.
Waya mweusi, ndiyo.
Wa buluu, ndiyo.
Wa kijani na njano...
Niliukaza? Au ndipo mtoto aliponiuliza
kama samaki wa ziwani hupigwa na radi,
nami nikajibu?

Na hata ukiwa umekazwa, unakwenda wapi?
Kwenye fimbo ya shaba nyuma ya jiko,
ndani ya udongo mwekundu ambao kila mvua za Novemba
hushuka na nyumba mbili tatu bila kuaga.
Ardhi hiyo ndiyo tuliyoiomba itushikie.

Nilipiga simu mara sita. Imezimwa.
Bila shaka: sasa ndiyo kwanza inachajiwa.
Mama Nsimire huoga saa kumi na moja, kabla ya misa.

Sikumbuki njia. Nakumbuka matope, mbwa mmoja,
na bisibisi ikinichoma pajani.
Alifungua mlango na kitenge kifuani, sabuni mkononi.
Ngoja, mama, nilisema. Ngoja tu.
Nikazima swichi kuu, nikafungua kifuniko,
nikaweka bisibisi kwenye ile skrubu ya tatu.

Ilizunguka nusu mzunguko.

Nusu. Si zaidi.
Nikaikaza hadi ikakataa.
Nikawasha, nikagusa bomba kwa testa: kimya.
Kisha kwa mkono wangu mwenyewe, wa kushoto,
maana wa kulia ndio unaosaini.
Maji. Maji ya uvuguvugu tu.

Nikaomba karatasi.
Sahihi niliziacha zote mbili.
Tarehe ya mstari wa pili ndiyo niliyoikata,
nikaandika ya leo.

Ntakwinja, macho bado yana usingizi,
akauliza yule mkaguzi atakuja lini.
Nikamwambia ameshafika.
Amechelewa kidogo.